Sura ya Tano: Mshahara wa Mheshimiwa

Mwakilishi wa wadi ya Lodwar Township na mwenzake wa Kibish hulipwa mshahara mmoja. Wa kwanza anaishi penye makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na bunge la kaunti, hospitali ya rufaa na benki zote ni jirani zake. Wa pili anatoka mpakani, kule Kenya inakopakana na Ethiopia na Sudan Kusini, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa Lodwar. Akija kikaoni hupita barabara ambayo mvua ya usiku mmoja inaweza kuikata kila penye laga, yaani mkondo wa mto wa msimu. Mwisho wa mwezi wote wawili hupata tarakimu zilezile, na tarakimu hizo hazikuandikwa Lodwar wala Kibish. Ziliandikwa Nairobi, zikachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kuanzia Julai 2023, mshahara huo ulikuwa Sh154,481 kwa mwezi kabla ya makato. Ni pesa nyingi au kidogo? Inategemea umesimama wapi. Ukiwa Turkana, kipimo kimoja ni mpango wa serikali wa kuzikinga familia maskini dhidi ya njaa, ambao kwa miaka kadhaa umekuwa ukizilipa familia za kaunti za kaskazini Sh5,400 kila miezi miwili, yaani Sh2,700 kwa mwezi. Mshahara wa MCA mmoja, kama kila mtu anavyomwita mwakilishi wa wadi, ungezilipa familia 57 za namna hiyo. Ukitazama upande wa pili, mbunge aliyechaguliwa na watu haohao alipangiwa Sh725,502 mwezi huohuo wa Julai, na gavana Sh957,000.

Sura hii haitasema kama tarakimu hizo ni halali au haramu. Inauliza jambo linalotangulia: nani anastahili kuamua malipo ya mtu aliyechaguliwa, na anapoamua, anatazamwa na nani? Kenya ilifanya jambo jema sana ilipoiondoa kalamu mkononi mwa anayelipwa. Lakini ilipoiondoa, iliipeleka mbali mno na macho ya mwajiri, ambaye ni mpigakura wa Lodwar na Kakuma. Kazi iliyobaki ni kumrudishia mwajiri huyo nafasi ya kuona kinachoandikwa.

Mwamba ngoma

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na historia ya Bunge la Kenya haikuwaacha waongo. Kwa miaka mingi wabunge walijipangia malipo yao wenyewe. Waliochaguliwa Desemba 2002, katika furaha ya mabadiliko, hawakumaliza mwaka kabla ya kujiongezea mshahara na marupurupu. Sehemu kubwa ya malipo hayo ilihesabiwa kuwa posho, na posho zile hazikutozwa kodi. Mwalimu wa shule ya msingi alikatwa kodi kabla hajaushika mshahara wake, huku mwakilishi wake akilipa kodi ya sehemu ndogo tu ya alichopokea.

Mwaka 2009 jopo lililoongozwa na Jaji Akilano Akiwumi lilipendekeza wabunge walipe kodi kwa malipo yao yote. Bunge lilipoijadili ripoti hiyo mwishoni mwa Juni 2010, liliambatanisha kodi na nyongeza kubwa ya mshahara. Hiyo ilikuwa takriban wiki tano kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, siku Wakenya walipopitisha Katiba mpya. Katiba hiyo ilijibu mambo yote mawili. Kifungu cha 210 kilipiga marufuku sheria yoyote ya kumsamehe ofisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake. Kifungu cha 230 kiliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, na kuikabidhi kalamu.

Wazo lenyewe si la Kenya peke yake. Marekani ina marekebisho ya 27 ya katiba yake, yanayosema kuwa sheria ya kubadilisha malipo ya wabunge haitaanza kutumika mpaka uchaguzi upite. Yalipendekezwa mwaka 1789, na hayakukamilisha idadi ya majimbo ya kuyaidhinisha mpaka 1992. Katiba ya Kenya ina kanuni ya aina hiyo katika Kifungu cha 116: sheria inayowanufaisha wabunge kifedha moja kwa moja haianzi kazi mpaka baada ya uchaguzi mkuu unaofuata. Uingereza nayo iliwanyang'anya wabunge wake kalamu mwaka 2009, baada ya kashfa ya madai ya matumizi, ikaunda mamlaka huru ya kusimamia malipo yao.

Lakini tusisahau kwa nini wachaguliwa hulipwa hata kidogo. Uingereza hiyohiyo haikuwalipa wabunge wa kawaida mpaka mwaka 1911, ilipowapangia pauni 400 kwa mwaka. Kabla ya hapo, aliyeingia bungeni alikuwa mtu mwenye mashamba, mwenye kiwanda, au mwenye mfadhili wa kumlisha. Wafanyakazi waliopigania haki ya kura katika karne ya 19 waliweka malipo ya wabunge miongoni mwa madai yao makuu, kwa sababu walijua kura bila mshahara ingemfaa tajiri peke yake. Hoja hiyo ina uzito mkubwa Turkana kuliko London. Mama anayekausha na kuuza samaki Kalokol hawezi kuacha biashara yake akae vikaoni Lodwar miaka mitano bila malipo. Mfugaji wa Letea hawezi. Mwenye kandarasi za kaunti anaweza, tena kwa furaha. Anayetaka bunge la kaunti liwe na maskini ndani yake lazima akubali kwamba maskini huyo atalipwa.

Tume na hesabu zake

SRC ina mwenyekiti na wajumbe wanaopendekezwa na taasisi mbalimbali: tume za utumishi wa umma, wa bunge, wa mahakama, wa walimu na wa polisi, baraza la ulinzi, vyama vya wafanyakazi, waajiri, vyama vya wataalamu, Hazina na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Serikali za kaunti, zote 47 kwa pamoja, zinawakilishwa na mjumbe mmoja anayependekezwa na Seneti. Turkana inakaa ndani ya kiti hicho kimoja pamoja na Nairobi, Mombasa, Lamu na nyingine zote.

Katiba imeipa tume mizani ya kupimia. Jumla ya mishahara ya umma iwe mzigo ambao nchi inaweza kuubeba. Malipo yawavute na kuwabakisha watu wenye ujuzi unaohitajika. Tija itambuliwe. Haki na uwazi vizingatiwe. Kwa maofisa wa serikali, wakiwemo wabunge, magavana na wawakilishi wa wadi, tume hupanga. Kwa watumishi wengine wa umma, hushauri. Chini ya mwenyekiti wa kwanza, Sarah Serem, mizani hiyo ilijaribiwa mapema. Machi 2013 tume ilishusha malipo ya mbunge kutoka takriban Sh851,000 hadi Sh532,500. Wabunge wakawaka. Mwezi Mei wanaharakati walipeleka nguruwe kwenye lango la Bunge kupinga shinikizo la kutaka nyongeza. Mwishowe wabunge walikubali kiwango cha tume, lakini walipata ruzuku ya gari ya Sh5 milioni kila mmoja.

Wawakilishi wa wadi nao hawakukaa kimya. Mwaka huohuo wa 2013, katika mwaka wa kwanza wa ugatuzi, walisusia vikao katika kaunti nyingi wakidai malipo yao hayalingani na kazi. Tume ikapandisha. Mwaka 2017 ikateremsha tena, MCA akapangiwa Sh144,375. Mwaka 2023 ikapandisha kwa awamu mbili: Sh154,481 kuanzia Julai mwaka huo, kisha Sh164,588 kuanzia Julai 2024. Awamu ya pili ilikuwa ianze siku chache tu baada ya vijana kumiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Julai 3, 2024, mwenyekiti wa tume wakati huo, Lyn Mengich, alitangaza kuwa nyongeza imesitishwa. Tofauti kwa MCA ilikuwa Sh10,107 kwa mwezi. Kalamu ilizuiwa kwa kasi, na kilichoizuia ni macho ya watu.

Kisa hicho kinafundisha kitu. Tume huru ni kinga dhidi ya tamaa ya anayelipwa, lakini mkono wake huwa mwepesi zaidi inapojua inatazamwa. Kuna kisa kingine cha kufundisha. Februari 2021, SRC iliidhinisha mkopo wa gari wa wawakilishi wa wadi ugeuzwe ruzuku ya Sh2 milioni kwa kila mmoja. Wakati huohuo mabunge ya kaunti yalikuwa na mswada wa kubadilisha Katiba, uliofahamika kama BBI, na katika wiki zilizofuata zaidi ya nusu ya mabunge hayo yaliupitisha. Mahakama Kuu iliufuta mswada huo Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikaukataa Machi 2022. Sidai kwamba gari lilinunua kura ya mwakilishi yeyote. Ninasema kwamba manufaa ya namna ile, yakitolewa wakati ule, humnyima mpigakura uwezo wa kujua mwakilishi wake alikuwa akipima nini moyoni. Malipo ya mchaguliwa hayatakiwi kubadilika wakati ana kura nzito mkononi.

Mshahara, zaidi ya hayo, ni mlango mmoja tu. Mwaka 2019 wabunge walianza kulipwa posho ya nyumba ya Sh250,000 kwa mwezi ambayo SRC haikuipanga. Tume ilikwenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba posho hiyo ilikuwa kinyume cha Katiba. Katika kaunti milango hiyo ni posho za vikao vya kamati, usafiri, na safari za mafunzo nje ya kaunti. Umbali kati ya Kibish na Lodwar hufidiwa huko, katika marupurupu ya usafiri. Ni haki iwe hivyo, maana mafuta hayajui cheo. Lakini ndiyo sababu mwananchi anayeijua tarakimu ya mshahara peke yake hajui bado mwakilishi wake anapokea nini.

Saa kumi na mbili asubuhi

Twende sasa mahali ambapo mshahara huo unatumika. Katika wadi nyingi za Turkana, kabla jua halijawa kali, watu wameshafika nyumbani kwa MCA. Wengine wamelala njiani. Wazee huketi kwenye vigoda vyao, wanawake kwenye mchanga chini ya mti, vijana husimama karibu na geti. Anatoka, wanasalimiana, "Ejoka," halafu yanaanza.

"Mheshimiwa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo."

"Mheshimiwa, mama yangu amelazwa hospitali ya rufaa Lodwar. Natafuta nauli tu nimfuate."

"Mheshimiwa, tuna msiba. Maiti iko mochari na gari hatuna."

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120. Kwa familia ambayo mbuzi wake waliisha kwa ukame, nauli hiyo ni mlima. Anayefika getini hajakosea. Kwake, mheshimiwa ndiye serikali iliyo karibu kuliko zote, yenye jina na sura na namba ya simu. Utafiti wa taifa wa bajeti za kaya wa 2015/16 ulionyesha kuwa karibu watu 8 kati ya 10 wa Turkana walikuwa maskini, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote. Katika hali hiyo, sehemu ya mshahara wa MCA hugeuka mfuko wa dharura wa wadi nzima, bila daftari, bila zamu na bila rufaa.

MCA atakuambia hivyo yeye mwenyewe: mshahara ukishakatwa kodi, bima ya afya, tozo ya nyumba na mkopo, kinachobaki hakifiki tarehe 15. Ni kweli, na inastahili huruma. Lakini sikubali hitimisho linalofuatia kila mara, yaani aongezewe ili awasaidie zaidi. Kwanza, anayesaidiwa getini ni aliyefika getini. Mjane wa Nanam asiye na simu wala nauli hapati chochote, ingawa kura yake ni moja kama ya wengine. Pili, mahitaji yale yana mafungu yake kisheria: basari, huduma za afya, mipango ya kukabili ukame. Tukiyapitisha mfukoni mwa MCA, tunamgeuza mwajiriwa wetu kuwa mfadhili wetu, na ni shida kumhoji mfadhili. Kazi ambayo sheria inampa ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Mshahara upimwe kwa kazi hiyo.

Kuna mila ya Waturkana inayonisaidia kulifikiri jambo hili. Katika akiriket, wazee huketi kwa nusu duara kwa mpangilio wa rika na heshima, mnyama huchinjwa na kuchomwa, na nyama hugawanywa hapohapo. Kila mmoja anajua kipande cha mwenzake ni kipi na kwa nini kimemfikia. Mkubwa hupata kikubwa, na hakuna anayenung'unika, kwa kuwa mgao umefanyika mbele ya kila jicho. Usawa wa mgao haukudaiwa pale. Kilichodaiwa ni uwazi wake.

Miji isiyo na meya

Mpaka hapa nimezungumza juu ya wadi, na kuna sababu. Lodwar na Kakuma kama miji hazina kiongozi wa kuchaguliwa hata mmoja. Kabla ya 2013, Lodwar ilikuwa na baraza la manispaa na madiwani, na malipo yao yalifuata Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, chini ya mkono wa waziri wa serikali za mitaa aliyekaa Nairobi. Uchaguzi wa Machi 4, 2013, ulizika mpango huo. Meya na diwani wakatoweka. Wakaja gavana na MCA.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho 2019, inaipa manispaa bodi ya wajumbe 9 na meneja. Baadhi ya wajumbe hupendekezwa na vyama vya wataalamu, sekta binafsi, wafanyabiashara wadogo na vyama vya wakazi, kisha gavana huwateua kwa idhini ya bunge la kaunti. Hawalipwi mshahara. Hulipwa posho zinazoamuliwa na serikali ya kaunti kwa idhini ya bunge la kaunti na ushauri wa SRC. Kwa maneno mengine, anayeteua bodi ndiye anayependekeza posho ya bodi. Mkazi wa Kanamkemer, mjini Lodwar, anayelalamikia taka, taa za barabarani au mafuriko ya mto Kawalase hana wa kumnyima kura kwa kosa hilo, na kwenye hesabu ya posho zile hana mahali pa kutia neno.

Lodwar ilihesabiwa kuwa na watu 82,970 katika sensa ya 2019. Katika miji mingi duniani idadi hiyo ingetosha kuwa na meya, baraza, na mjadala mkali kila mwaka kuhusu malipo yao.

Kakuma ni suala gumu zaidi, na linalonigusa zaidi. Kambi ilianzishwa 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa miguu. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa kilomita chache kando yake, yakiwa yamepangwa kwa wakimbizi na wenyeji kuishi pamoja. Leo kambi na Kalobeyei zina karibu watu laki tatu. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC), lililo ndani ya Kundi la Benki ya Dunia, lilikadiria kuwa soko la Kakuma lina thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka. Serikali ya kaunti imeshaipa Kakuma hadhi ya manispaa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, zinaelekeza kambi ziwe makazi ya kawaida yanayohudumiwa pamoja na wenyeji.

Mji huo tayari una viongozi wa kuchaguliwa ambao hawamo katika Gazeti Rasmi la Serikali: viongozi wa bloku na wa kanda ndani ya kambi. Hupatanisha majirani wanaogombea foleni ya maji, hupeleka malalamiko ya chakula kwa mashirika, huamka usiku nyumba inapoungua. SRC haina jedwali lao, kwa kuwa kisheria wao si maofisa wa serikali. Wakimbizi hawapigi kura katika uchaguzi wa Kenya, hivyo MCA wa Kakuma na mwenzake wa Kalobeyei huchaguliwa na wenyeji peke yao, ingawa bodi ya manispaa itaamua juu ya barabara, soko na taka za watu wote. Mji utakaojengwa juu ya mgawanyo huo utakuwa na viongozi wanaolipwa ambao wakazi wengi hawakuwachagua, na viongozi waliochaguliwa na wengi ambao hakuna anayewalipa. Sioni jinsi mji wa namna hiyo unavyoweza kudumu kwa amani.

Wengine wanafanyaje

Dunia imejaribu njia kadhaa, na kila moja ina dawa na sumu yake.

Uganda imefunga malipo ya madiwani kwenye mapato ya mahali. Sheria ya Serikali za Mitaa inasema posho za madiwani zisizidi asilimia 20 ya mapato ambayo halmashauri ilijikusanyia yenyewe mwaka uliotangulia. Diwani anayetaka kulipwa vizuri ana sababu ya kuona ushuru wa soko unafika ofisini. Lakini ukiileta kanuni hiyo Turkana utaona udhaifu wake. Kaunti hii huishi kwa mgao wa taifa, Sh12.6 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2021/22, na makusanyo yake yenyewe ni sehemu ndogo sana ya bajeti. Mwakilishi wa watu maskini angelipwa kimaskini kwa sababu tu watu wake ni maskini, au angewakamua wachuuzi ili apate posho.

Afrika Kusini hupanga manispaa kwa madaraja. Kila mwaka waziri mhusika hutangaza kiwango cha juu cha malipo ya madiwani, akizingatia idadi ya wakazi na mapato ya manispaa yenyewe. Tofauti ya mji mkubwa na mdogo inatambuliwa wazi, jambo ambalo kiwango kimoja cha Kenya hakilifanyi.

Los Angeles imeufunga mshahara wa diwani kwenye mshahara wa jaji, hivyo baraza halipigi kura kujiongezea. New York huunda tume ya kushauri, lakini neno la mwisho ni la baraza lenyewe: mwaka 2016, tume ilipopendekeza dola 138,315 kwa diwani, baraza lilipitisha 148,500. Huyo ni mwamba ngoma yuleyule, safari hii akiwa na mshauri pembeni.

Nikizipima njia hizi, naona ya Kenya ni miongoni mwa zilizo bora. Neno la tume lina nguvu ya sheria, si ushauri unaoweza kupuuzwa. Tena kuna breki za fedha: kanuni za 2015 zinazuia matumizi ya bunge la kaunti yasizidi asilimia 7 ya mapato ya kaunti au mara mbili ya malipo ya watu wake, kiwango kilicho cha chini kikitawala, na mishahara ya kaunti nzima isizidi asilimia 35 ya mapato yake. Kinachokosekana ni kumfikia mpigakura.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la malipo ya wachaguliwa lipo, lakini limetawanyika. Mshahara uko katika Gazeti Rasmi. Posho za vikao na safari ziko katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutaja hata wastani wa posho za vikao kwa mwakilishi katika kila kaunti, kwa Kiingereza na kwa majedwali marefu. Mzee wa Lokichoggio anayetaka kujua mwakilishi wake alipokea nini robo mwaka iliyopita hana pa kusoma.

Ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kubadilisha Katiba.

La kwanza, jumla ya malipo ibandikwe mahali pa wazi. Kila robo mwaka, ofisi ya wadi ibandike karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili na Kiturkana: mshahara, posho za vikao, usafiri, safari, jumla. Katiba katika Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 tayari zinampa mwananchi haki hiyo. Karani anayejua kuandika barua anaweza kuandika karatasi hiyo.

La pili, tume isikilize watu mahali walipo. Mwaka 2023 SRC ilitangaza mapendekezo yake na kuomba maoni kabla ya kuyachapisha rasmi. Ni mwanzo mwema. Mzunguko ujao, kikao kimoja kifanyike Lodwar na kingine Kakuma, chini ya mti au ukumbini, wenye posho na wasio na posho wakiwa pamoja, na tume ieleze kwa nini umbali wa Kibish unahesabiwa hivi na si vile.

La tatu, nyongeza yoyote, ya mshahara, ya gari au ya nyumba, ianze baada ya uchaguzi unaofuata. Kanuni ambayo Katiba imewawekea wabunge dhidi ya sheria zao wenyewe, tume inaweza kuifuata kwa hiari yake kwa wawakilishi wa wadi. Anayeomba nyongeza aiombe akijua kwamba huenda atakayeila ni mpinzani wake.

La nne, miji ipewe watu wa kuwahoji. Maadamu Lodwar na Kakuma zina bodi, posho za bodi zijadiliwe katika kikao cha wazi cha wakazi kabla ya kupelekwa bunge la kaunti. Na Kakuma, Mpango wa Shirika unapotekelezwa, viongozi wa bloku na wa kanda watengewe nafasi na posho iliyoandikwa katika hati ya manispaa. Anayefanya kazi ya umma kila siku akinyimwa malipo ya wazi, atatafuta ya siri, au ataiacha kazi kwa mwenye pesa zake. Hayo mawili yameziharibu serikali nyingi tangu zamani, na mji mchanga hauna sababu ya kuyarudia.

Watu husema mshahara wa mheshimiwa ni suala la Nairobi, na kwa sheria ndivyo ulivyo. Lakini pesa hizo hutoka katika mgao uleule unaochimba visima na kununua dawa za zahanati za Turkana. Mwenye kiu Loima na mgonjwa Kakuma wanachangia kila shilingi ya malipo hayo. Mwajiri anayelipa kwa gharama hiyo ana haki ya kujua bei ya kazi kabla ya kumwajiri mtu, na ana wajibu wa kuidai kazi yenyewe akishamwajiri. Siku mpigakura wa Turkana atakapomuuliza mgombea atafanya nini na bajeti ya wadi, badala ya atalipa karo ya nani, mjadala wa mshahara utakuwa umefika mahali pake.